Mafuta Yamemwagika, Mheshimiwa Yuko Wapi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka kwenye mabaraza ya chifu, mikutano ya chini ya miembe na simu za usiku za watu waliochota maji wakakuta petroli. Tumeyajibu kwa kufuata sheria za Kenya. Mfano tunaourudia ni wa mto Thange, Kaunti ya Makueni, ambako petroli kutoka bomba la Mombasa–Nairobi ilikutwa ikivuja Mei 2015. Soma jibu unalolihitaji tu. Pale jambo lilipokwisha kuelezwa, tumetaja namba ya swali.

## Mwanzo

1. Mbunge hana koleo wala pampu. Atatusaidia nini?

Kusafisha ni kazi ya aliyemwaga, na kumlazimisha asafishe ni kazi ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Mbunge na seneta wana kitu kingine: uwezo wa kumwita mtu. Ibara ya 125 ya Katiba inaipa kamati ya Bunge nguvu kama za Mahakama Kuu za kumwita shahidi, kumwapisha na kudai hati. Mkurugenzi ambaye kwa mwaka mzima hapokei simu zenu anaweza kuomba tarehe nyingine, anaweza kutuma naibu wake kwanza, lakini mwishowe atakaa kwenye kiti aulizwe: bomba lilianza kuvuja lini, ulijua lini, lita ngapi zimepotea, na kwa nini wanakijiji walijua kabla yako?

Maswali hayo mkiuliza nyinyi ni malalamiko. Yakiulizwa na kamati ni amri ya kujibu. Mbunge anaweza pia kumuuliza Waziri swali bungeni, na tangu 2023 mawaziri wamekuwa wakifika ukumbini wenyewe kujibu.

2. Tuanze na nani: MCA, mbunge, seneta au gavana?

Inategemea mnachotaka. Maji ya bauza (lori la tangi la maji), dawa zahanatini, daktari wa mifugo na wataalamu wa kilimo ni mambo ya kaunti. Hayo mpelekee gavana, nakala kwa MCA, yaani mwakilishi wa wadi katika Bunge la Kaunti. Bomba lenyewe, leseni yake, NEMA na wizara ya nishati ni mambo ya taifa. Hayo ni ya mbunge na seneta. Mwakilishi wa Kike husahaulika kila mara, ilhali naye ni mbunge kamili na eneo lake ni kaunti nzima. Mto ukipita maeneo bunge mawili ambayo wabunge wao hawasemezani, yeye ndiye mlango mzuri.

Kosa tunaloliona zaidi ni barua moja iliyoandikwa "Kwa viongozi wetu wote". Barua ya wote haina mwenyewe. Kila mmoja atadhani mwenzake amejibu. Andikeni barua nne, kila moja ikimwomba mhusika jambo lililo ndani ya uwezo wake.

3. Si chifu ameshapeleka habari juu? Kwa nini tuandike tena?

Chifu ni mtumishi wa serikali, hakuchaguliwa. Taarifa yake hupanda kwa naibu kamishna wa kaunti na kuendelea, na hamtaiona ilivyoandikwa. Huenda imesema "hali imedhibitiwa". Mwombeni ushirikiano, mtumie baraza lake, na akikubali kugonga muhuri kwenye orodha yenu ya waathiriwa, vizuri sana. Lakini msihesabu taarifa yake kuwa ndiyo sauti yenu.

4. Siku zile za kwanza kabisa tufanye nini, kabla ya siasa?

Kaeni mbali. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini, hufuata mitaro na kuingia nyumba ambayo jiko linawaka. Tarehe 12 Septemba 2011, katika mtaa wa Sinai, Nairobi, petroli iliyovuja ilishika moto na watu zaidi ya 100 wakafa, wengi wao wakiwa wamekwenda kuchota. Msichote. Msiwashe boda boda karibu. Anayevuta sigara aondoke.

Maji yenye petroli msinywe, msioshee mboga, msinyweshe ng'ombe. Kuyachemsha hakusaidii: kuchemsha huua vijidudu, na petroli si kijidudu. Isitoshe, unapoyainjika mvuke wake unajaa jikoni.

Pigeni simu polisi, kwa ofisi ya NEMA ya kaunti na kwa nambari ya dharura iliyoandikwa kwenye nguzo za bomba. Andikeni saa mliyopiga na jina la aliyepokea. Karatasi hiyo ndogo ndiyo ukurasa wa kwanza wa faili lenu.

## Ushahidi

5. Tuandike vitu gani?

Vya kila nyumba, kwa daftari moja, kwa mwandiko wa mtu mmoja mwaminifu. Jina, nambari ya kitambulisho, mahali pa nyumba, ekari zilizolimwa na zao gani lilikuwa shambani siku ile, mifugo na wangapi wamekufa au wameugua, maji mlikuwa mkichota wapi na sasa mnachota wapi, na nauli au bei ya mtungi sasa ni ngapi. Jambo hili la mwisho watu hulipuuza. Mtungi wa lita 20 uliokuwa bure mtoni na sasa unanunuliwa kila siku ni hasara inayohesabika, na hakuna mwanasheria wa kampuni anayeweza kuibishia risiti.

Picha zipigwe na kitu kinachoonyesha mahali: daraja, mti unaojulikana, jengo la shule. Mnyama akifa, mwiteni daktari wa mifugo wa kaunti kabla mzoga haujazikwa, apime na aandike. Mgonjwa akienda zahanati amweleze mhudumu waziwazi kwamba alikunywa maji ya mto wenye mafuta, na ahakikishe maneno hayo yameandikwa kwenye kitabu chake. Tumeona vitabu vingi vya zahanati vimeandikwa "kuumwa tumbo" tu. Miaka mitano baadaye neno hilo halisemi chochote.

Rekodi ya mavuno ya miaka iliyopita ni dhahabu. Kama mliuza nyanya au mahindi mabichi kwa mnunuzi wa Mombasa au Nairobi, jumbe za M-Pesa bado zipo. Ombeni taarifa ya miamala.

6. Mto umesafika, haunuki tena. Bado tuna la kudai?

Ndiyo, na hapa ndipo wengi wanapoachia madai yao. Petroli ina benzini, kemikali inayosababisha saratani ya damu. Kiwango cha mwongozo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 0.01 kwa lita. Pua ya binadamu huanza kunusa benzini majini ikifika takriban miligramu 10 kwa lita, yaani mara 1,000 ya kiwango hicho. Maji yanaweza kukosa harufu ya benzini kabisa na yakawa hayafai mtoto kunywa.

Tena petroli haikai juu ya mto peke yake. Inazama kwenye udongo mpaka ikute maji ya chini ya ardhi, inaelea juu yake, na kuyachafua polepole. Kwa sisi tunaofukua visima mchangani wakati wa kiangazi, hilo ndilo tishio lenyewe. Mto unaweza kuonekana safi Aprili kwa sababu ya mvua, na kisima cha mchangani kikarudisha mafuta Septemba. Kwa hiyo mkiandika barua msiombe kupimwa mara moja. Ombeni kupimwa kila msimu, katika mahali palepale.

Mkichukua sampuli yenu wenyewe, tumieni chupa ya kioo, ijazwe hadi mdomoni pasibaki hewa, ifunikwe vizuri na iwekwe kwenye barafu hadi maabara. Kemikali hizi hupotea hewani upesi. Sampuli iliyobebwa juani kwenye chupa ya plastiki ya soda itatoka safi, na jibu hilo "safi" litatumiwa dhidi yenu.

7. Walipima wenyewe, na matokeo hawatupi. Tunaweza kuwalazimisha?

Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na pia habari za mtu mwingine yeyote ikiwa zinahitajika kulinda haki. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaweka muda: ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 21, na kama habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, ndani ya saa 48. Maji ya kunywa yanahusu uhai. Liandikeni neno hilo kwenye barua.

Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Mkinyimwa au mkinyamaziwa, peleka lalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana zaidi kama Ombudsman. Nakala ya ombi lenu lisilojibiwa iambatanishwe na kila barua mtakayomwandikia kiongozi. Hakuna kitu kinachomfanya mbunge aulize swali kwa ujasiri kama karatasi inayoonyesha wananchi waliuliza kwa adabu wakapuuzwa.

## Barua na ardhilhali

8. Tofauti ya barua na ardhilhali ni nini?

Barua ni ya mtu. Mheshimiwa anaweza kuisoma, kuiweka droo, kuisahau. Ardhilhali, au petisheni kama wengi wanavyoiita, ni ya Bunge. Ikikubaliwa na Karani wa Bunge, husomwa ukumbini, hupewa kamati, na kamati inadaiwa ripoti kwa muda uliowekwa na Kanuni za Kudumu. Haki hiyo iko kwenye Ibara ya 119, na inamhusu kila mtu. Huhitaji kuwa na wakili au kujulikana na mbunge. Bunge la Kaunti nalo hupokea ardhilhali, kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012.

Ushauri wetu: barua kwanza, kwa kuwa ardhilhali itawauliza kama mlijaribu kwingine (swali la 9). Subirini mwezi mmoja, si mwaka.

9. Inaandikwaje? Ni lazima iwe Kiingereza?

Si lazima. Sheria ya Taratibu za Ardhilhali kwa Bunge ya 2012 inaruhusu Kiswahili au Kiingereza. Iandikwe kwa mkono au ichapwe, isiwe na kufutafuta. Ieleze jambo lenyewe, mlikwisha kulipeleka wapi na mkajibiwa nini, na kama liko mahakamani au la. Imalizie na ombi lililo wazi na la heshima. Kisha majina, anwani, nambari za vitambulisho na sahihi. Asiyejua kuandika anaweka alama ya kidole.

Makosa yanayoifanya irudishwe ni madogo na ya kuudhi. Karatasi za sahihi zisizo na kichwa cha habari juu, hata haijulikani watu hao walisaini nini. Majina 40 kwa mwandiko mmoja. Matusi. Tumewahi kuona ardhilhali nzuri ikirudi kwa sababu ya aya moja iliyomwita afisa mwizi. Aya ikatolewa, ardhilhali ikapita, na wiki sita zikawa zimekwenda bure.

Mbunge anaweza kuiwasilisha kwa niaba yenu, au mwende nayo wenyewe kwa Karani. Njia ya kwanza inamfunga mbunge, kwa sababu jina lake litasomwa pamoja na lenu. Tumieni hiyo akikubali.

10. Tuombe nini hasa?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote. Viongozi wengi si wabaya, ila wamepewa maombi wasiyoweza kuyatekeleza, au wanayoweza kuyatekeleza kwa magunia ya unga. Ukisema "tusaidie", umesaidiwa siku lori la chakula linapofika, picha zinapopigwa, na Mheshimiwa anapoondoka. Chakula kipokeeni, njaa haina itikadi. Lakini kisiwe ndilo ombi lenu.

Linganisheni haya mawili:

*"Tunaiomba serikali iwakumbuke wananchi wanyonge wa kando ya mto."*

*"Tunaiomba kamati iitake NEMA iwasilishe, ndani ya siku 30, nakala ya kila agizo la kurejesha mazingira ililoipa kampuni kuhusu umwagikaji huu, na ieleze ni sehemu ipi imetekelezwa na ipi bado."*

La kwanza hata kampuni yenyewe ingeweza kusaini. La pili lina mtu wa kujibu, kitu cha kuleta na tarehe, na siku ya 31 itajulikana kama limetimizwa. Agizo la kurejesha mazingira ni chombo cha kweli katika sheria ya mazingira ya 1999, EMCA. Ni ajabu jinsi lilivyo mara chache midomoni mwa wabunge.

Kwa gavana: bauza litakalofika mahali fulani, siku fulani za wiki, hadi vipimo vya misimu miwili mfululizo vitakapotoka salama. Kwa MCA: fungu katika bajeti ya nyongeza ya kuchimba kisima kirefu mbali na mkondo uliochafuliwa. Kwa seneta: kamati ije kijijini, isikutane hotelini mjini na watu wawili waliochaguliwa na chifu. Kwa mbunge: swali kwa Waziri kuhusu vifaa vya kugundua uvujaji kwenye sehemu hiyo ya bomba. Thange ilivuja kwenye bomba la zamani lililokuwa likifanya kazi tangu 1978, lakini Machi 2019 mafuta yalivuja Kiboko, kaunti hiyohiyo, wakati bomba jipya lina umri wa mwaka mmoja hivi. Kwa hiyo jibu la "tumeshabadilisha bomba" lisiwanyamazishe.

11. Mheshimiwa alipokea barua kwa tabasamu, kisha kimya. Sasa?

Mlipata muhuri wa kupokelewa? Kama hamkupata, rudini na nakala, igongwe muhuri wa tarehe kwenye ofisi yake ya eneo bunge. Kisha baada ya siku 14 barua ya pili, fupi, inayotaja tarehe ya ile ya kwanza. Baada ya hapo, simameni kwenye mkutano wake wa hadhara mkiwa na nakala ya barua iliyogongwa muhuri, mmoja wenu aulize swali moja: "Mheshimiwa, barua yetu ya tarehe hii ilifika ofisini kwako. Jibu ni lini?" Msihutubie. Redio ya lugha ya mama ikiwepo, afadhali zaidi. Simu za asubuhi kwenye stesheni hizo waheshimiwa huzisikiliza kuliko televisheni za Nairobi.

Msidharau wasaidizi wake. Mtu anayepanga ratiba ya mbunge ndiye anayeamua karatasi gani ipande gari naye kwenda Nairobi. Mpeni nakala yake.

12. Tunaweza kuandamana?

Ndiyo, Ibara ya 37, kwa amani na bila silaha. Sheria inataka mkuu wa kituo cha polisi, OCS, ajulishwe kwa maandishi si chini ya siku 3 wala si zaidi ya siku 14 kabla. Mnamjulisha, hamwombi ruhusa. Semeni njia mtakayopita na nani anasimamia.

Msikanyage wala kufukua bomba, na msifunge barabara kuu kwa matairi yanayowaka karibu na mahali penye petroli. Hatuhitaji kueleza zaidi (swali la 4).

## Fidia na mahakama

13. Kesi ikiwa mahakamani, bado tunaweza kwenda Bunge? Mbunge wetu anasema mikono yake imefungwa.

Imefungwa nusu. Kanuni za Kudumu humzuia mbunge kuzungumzia jambo linalosubiri uamuzi wa mahakama kwa namna inayoweza kuathiri uamuzi huo, na ardhilhali yenyewe lazima iseme kama kuna kesi. Lakini kesi ya fidia inauliza nani alipe na kiasi gani. Haiulizi kama zahanati ina dawa, kama bauza linakuja, au kama sheria inapaswa kudai bima kubwa zaidi kwa wenye mabomba. Hayo hayako mbele ya jaji. Liandikeni hilo katika sentensi moja na mmpe mbunge aliyejificha nyuma ya kesi.

Kinyume chake ni muhimu zaidi, na tunaomba usome mara mbili: ardhilhali haisimamishi saa ya mahakama. Madai ya kawaida ya madhara yana ukomo wa miaka 3. Yakielekezwa kwa Serikali yenyewe, ni miezi 12 tu. Kuna vijiji vinavyosubiri ripoti ya kamati kwa utulivu huku muda wa kushtaki ukiisha. Muoneni wakili mapema, hata kama hamna nia ya kushtaki. Ipo pia njia ya Ibara ya 70, ambapo anayedai haki ya mazingira safi hatakiwi hata kuonyesha kwamba yeye binafsi amepata hasara.

14. Thange iliishaje?

Mei 2015 petroli ilivuja. Julai 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Makueni iliamuru kampuni ya bomba, KPC, ambayo wakati wa tukio ilikuwa mali ya serikali, iwalipe wakazi zaidi ya 3,000 jumla ya shilingi bilioni 3.8. Kati ya tarehe hizo mbili ni miaka 10. Mtoto aliyekuwa chekechea alikuwa amefika sekondari.

Hukumu nayo si pesa mfukoni. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliodhuriwa na madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri, walishinda mwaka 2020 shilingi bilioni 1.3, wakapoteza sehemu kwenye rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha tuzo hiyo. Hapo mshale unarudi kwa wachaguliwa: fidia inayodaiwa serikali hulipwa ikiwa imewekwa kwenye bajeti, na bajeti hupita Bungeni. Kwa hiyo mkishinda kesi, msimwache mbunge. Ndipo kazi yake inaanza.

15. Wameleta fomu tusaini tupokee pesa kidogo. Tusaini?

Tafuteni maneno "malipo kamili na ya mwisho" au yanayofanana nayo, kwa lugha yoyote. Yakiwepo, ukisaini umefunga mlango kwa yote: kisima kitakachoharibika mwakani, ugonjwa utakaoonekana baada ya miaka saba. Kama ni msaada wa dharura, waandike kwamba ni msaada wa dharura na haugusi madai mengine. Wakikataa kuongeza sentensi hiyo, mmeshajua ni nini.

Usisaini siku hiyohiyo. Hakuna pesa halali zinazooza kesho. Na kopi ibaki nyumbani.

16. Mimi ni mpangaji, sina hati ya shamba. Nina haki?

Unayo. Aliyelima kwa kukodi amepoteza mazao yake, aliyechunga amepoteza mifugo, aliyenunua maji amepoteza pesa. Hati ya ardhi inahusu hasara ya ardhi. Hakikisha jina lako liko kwenye daftari la swali la 5, kwa nafasi yako mwenyewe, si chini ya jina la mwenye shamba. Wajane wanaoishi kwenye ardhi iliyobaki kwa jina la marehemu wafanye vivyo hivyo, na waanze utaratibu wa mirathi sasa. Siku ya malipo si siku ya kugundua shemeji amejiandikisha.

17. Tumegawanyika. Kuna kamati mbili na kila moja ina wakili wake.

Hutokea karibu kila mahali, na mara nyingi si bahati mbaya: anayedaiwa hupenda kuzungumza na kamati nyepesi. Kuungana upya kwa nguvu huwa kazi ya miaka. Badala yake kubalianeni juu ya daftari moja la waathiriwa na ombi moja kwa kila kiongozi. Mawakili wabaki wawili kama ni lazima, ila masharti ya ada yaandikwe na yasomwe hadharani. Kiongozi akiletewa madaftari mawili yenye idadi tofauti, atatumia tofauti hiyo kama sababu ya kukaa kimya, na hatuwezi kumlaumu sana.

## Hali za pembeni

18. Mbunge wetu ana zabuni na kampuni hiyo. Tufanyeje?

Kama ni tetesi, ziacheni mtaani. Mkiziandika bila ushahidi mtajikuta nyinyi ndio mnaoshtakiwa. Piteni kwa seneta, kwa Mwakilishi wa Kike, au nendeni moja kwa moja kwa Karani. Ardhilhali haihitaji baraka za mbunge wa eneo lenu, na mbunge yeyote anaweza kuiwasilisha.

19. Uchaguzi umepita na aliyetuahidi ameanguka. Tunaanza upya?

Bunge likivunjwa, shughuli ambazo hazijakamilika kwa kawaida huanguka nalo. Ulizeni ofisi ya Karani ardhilhali yenu imefikia wapi, na mkiambiwa imeanguka, iwasilisheni tena ikiwa na viambatisho vyote vya zamani. Anayeingia mpeni faili wiki zile za kwanza, bado akitafuta jambo la kujitambulisha nalo. Na mbunge aliyeanguka si wa kutupwa. Anajua ni nani alimpigia simu kumwambia apunguze sauti.

20. Si bomba, ni lori la mafuta limepinduka.

Hatari ni ileile. Sachang'wan, karibu na Molo, Januari 2009, zaidi ya watu 110 waliungua na kufa baada ya kwenda kuchota. Kwa madai, tafuteni nambari ya gari, jina la mwenye gari, mwenye shehena na kampuni ya bima siku hiyohiyo kupitia polisi, kwa sababu lori huvutwa na kutoweka. Mengine ni kama maswali ya 5 hadi 11.

21. Ikiwa mafuta yamemwagika baharini?

Hapo kuna mfuko wa kimataifa. Kenya na Tanzania ni wanachama wa mikataba ya 1992 inayowalipa waathiriwa wa mafuta mazito yaliyomwagwa na meli za kubeba mafuta, hata mwenye meli akishindwa kulipa yote. Wavuvi, wafuga chaza na wenye hoteli wanaweza kudai. Madai yafunguliwe ndani ya miaka 3 tangu hasara itokee.

Lakini angalieni aina ya meli. MV Wakashio iliyokwama Mauritius Julai 2020 na kumwaga takriban tani 1,000 ilikuwa meli ya mizigo. Mafuta yalikuwa ya injini yake, kwa hiyo mfuko huo haukuhusika, ukatumika mkataba mwingine wenye ukomo mdogo wa fidia. Swali la kumuuliza mbunge wa pwani siku ya kwanza ni moja: ilikuwa meli ya aina gani?

22. Mimi niko Tanzania, karibu na bomba la Hoima–Tanga. Haya yananihusu?

Vifungu vya Kenya havikuhusu, mbinu zinakuhusu. Bomba hilo lina urefu wa kilomita 1,443, na kilomita 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. Mafuta yake yana nta na lazima yapashwe joto yapite. Yakimwagika yatapoa na kuganda, tofauti na petroli ya Thange inayokimbia na maji. Kwenu mlango wa mazingira ni NEMC, baraza la taifa la mazingira, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na wachaguliwa ni mwenyekiti wa kijiji, diwani na mbunge. Mkuu wa wilaya ameteuliwa, kwa hiyo kwake peleka nakala, si ombi.

Faida mliyo nayo ni kwamba bado hakuna kilichovuja. Pimeni visima vyenu sasa, kwa maabara, na mhifadhi majibu kwenye ofisi ya kijiji pamoja na picha za mashamba. Wakazi wa Thange hawakuwa na karatasi ya kuonyesha maji yao yalikuwaje Aprili 2015, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba wangeihitaji.